Kipande Kisichofagiliwa Nyuma ya Maabara

Wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, Ijumaa nastaafu. Msicheke. Najua mstaafu ni mtu mwenye mvi na kiti chake barazani, na mimi nina miaka kumi na minane na mtihani wa Hisabati unanisubiri. Lakini kwa miaka minne nimekuwa na kazi moja katika shule hii, kutunza bustani ya viumbe nyuma ya maabara. Ijumaa nakabidhi jembe, reki, mabuti jozi tatu na ufunguo wa stoo. Mtu akishakabidhi ufunguo, huyo amestaafu.

Mwalimu Zaina alitaka niwasimulie haya paredi, kwa mdomo. Nikamwomba niandike. Wanaonijua wanajua sababu. Nikisimama mbele za watu sauti inapotea, mpaka mpishi wetu Mayu Nkamba, yaani Mama Nkamba, huwa anasema sauti yangu niliiazima mahali na mwenyewe alishakuja kuichukua. Kwenye karatasi naongea vizuri. Nina shajara tangu darasa la sita na mengi ya hapa nimeyatoa humo. Yale ya aibu sikuyaandika, ila hayo hayahitaji kuandikwa ili uyakumbuke.

Naanza na wakati bustani yetu ilipokuwa nzuri kuliko zote na haina kiumbe hata mmoja.

Nilikuwa Kidato cha Kwanza. Mwalimu Zaina wa Baiolojia alikuwa amehamishiwa huku Bariadi kutoka Tanga, na kuna kitu kilimshangaza. Watoto wa shule ya msingi tunayopakana nayo walimjua tembo wa kwenye kitabu mpaka urefu wa meno yake, lakini akiwauliza kipepeo anatokana na nini, wanamtazama. Akamwomba Mkuu wa Shule kipande cha nyuma ya maabara, kama nusu ya kiwanja cha netiboli, watoto wale wawe wanakuja kujifunza viumbe wakiwa hai. Kisha akatafuta wanafunzi wa kumsaidia. Mimi nilipatikana kwa sababu aliuliza nani hataki, na mimi sikuweza kunyoosha mkono.

Tulifanya tunachokijua. Tangu darasa la kwanza tumefundishwa kwamba mazingira safi ni udongo mtupu uliofagiliwa mpaka michirizi ya ufagio inaonekana. Basi tuling'oa kila jani, tukachoma, tukafagia. Tukapanga mawe pembeni na kuyapaka chokaa. Tukapanda maua kwa kufuata kamba, mstari umenyooka kama paredi ya askari. Gamaya, mwenzangu wa darasa ambaye sijawahi kumwona kimya kwa dakika mbili mfululizo, akaandika kibao: BUSTANI YA VIUMBE. USIKANYAGE.

Watoto wakaja, wameshikana mikono wawili wawili. Wakazunguka mara moja. Wakazunguka mara ya pili. Kisha katoto kamoja ka darasa la pili, sweta lake limetoboka viwiko, kakauliza viumbe wako wapi.

"Wametoka kidogo," Gamaya akajibu. "Wanarudi mchana."

Watu wakacheka. Yule mtoto hakucheka. Alikaa chini pembeni ya mawe ya chokaa, akakunja miguu, akaanza kusubiri. Alisubiri kweli mpaka mwalimu wake alipokuja kumshika mkono. Jina lake Kulwa. Mkumbukeni huyo, atarudi.

Mayu Nkamba alikuwa ameona yote kupitia dirisha la jikoni, mwiko wa makande mkononi. Mchana nilipopeleka sahani akaniambia pale tulipofagia ndipo alipokuwa anachuma mlenda na mgagani, na kulikuwa na kobe aliyekuwa akipita kila asubuhi kwenda kunywa maji ya kuoshea masufuria. Akasema tumewafukuza wenyeji halafu tumeweka kibao cha kukaribisha wageni.

"Sasa tufanyeje, mayu?"

"Muache."

"Tuache nini?"

"Muache kufanya."

Nawaambia ukweli, wadogo zangu, katika kazi zote za bustani hakuna ngumu kama hiyo. Kulima unalima, kumwagilia unamwagilia, lakini kukaa unaangalia jani linaota mahali ulipopafagia mwenyewe, mikono inawasha. Kuna asubuhi nilimkuta Gamaya anafagia kwa siri kwenye kona, kageuza mgongo kama mtu anayeiba sukari. Akasema hakuweza kulala akifikiria kona ile.

Mvua zilipokuja, vitu vikaanza kuingia bila mwaliko. Mgagani ukaota, na vipepeo weupe wakaufuata, na baada ya siku chache majani yakawa yanatembea kwa viwavi. Mlenda ukaota. Mbigili pia ikaota, na hiyo ng'oeni bila huruma kwenye njia, watoto wengi wanakuja na kandambili. Tukafukia beseni mpaka mdomoni, tukaweka maji na mawe ndani yake. Mawe ni lazima. Tulipoweka maji matupu, nyuki walikuja kunywa wakazama. Na maji hayo mwageni kila baada ya siku tatu, au mtakuwa mnafuga mbu, na matroni wa bweni la wasichana atakuja na maneno yake.

Ua wa mnyaa wa upande wa barabara mkiukata, simameni upepo unakotoka. Maziwa yake yakiingia jichoni utalia siku mbili. Sisemi nani aliingiwa. Gamaya mwenyewe atawasimulia, tena kwa kuongeza.

Kosa kubwa la Kidato cha Pili ni langu peke yangu. Nilisoma kwenye kitabu kimoja cha maktaba kwamba wadudu wakijengewa nyumba ya vijiti watakuja kuishi. Vijiti vya nini, kitabu hakikusema, na kwa mtoto wa Simiyu baada ya mavuno kijiti ni mti wa pamba, hakuna kingine. Mnajua, kama mnavyojua kula, kwamba masalia ya pamba yanang'olewa na kuchomwa ili wadudu wasibaki. Hata mimi nilijua. Lakini nilipoona mjomba anakusanya ya kwake tayari kuchoma, niliona kama naokoa kitu. Nikaomba mizigo miwili, nikaibeba kichwani mpaka shuleni, tukajenga nyumba ya ghorofa mbili na paa la nyasi. Ilipendeza. Nilichora picha yake kwenye shajara.

Wakaja kangambili, adui wa pamba. Hawakuja kumi wala mia. Walikuja wekundu wakiwa wawili wawili, wameungana nyuma, huyu anamvuta yule, wakapanda ukuta wa maabara, wakaingia dirishani, wakatoka kwenye madaftari ya Kidato cha Tatu. Mwalimu Zaina, mtu wa Tanga, alikuwa hajawahi kuwaona. Aliwapenda. Aliwachora ubaoni kwa chaki nyekundu na kuwaita wapangaji wetu wa kwanza, na darasa zima, watoto wa wakulima wa pamba watupu, tukatazama madawati. Nani angeanza kumwambia? Wiki nzima mwalimu wetu alikuwa na furaha, nasi tuko kimya kama kwenye msiba.

Kisha jirani wa shule, mzee mwenye shamba la pamba ng'ambo ya barabara, akaja hadi kwenye mnyaa. Hakutukana. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia mbuzi wake, "Eti hapa mnafuga kangambili?"

Mayu Nkamba ndiye aliyemweleza Mwalimu Zaina. Mwalimu akafuta ubao, halafu akacheka mpaka akashika meza. Tulichoma nyumba yangu ya ghorofa mbili, na kwa wiki mbili tukawa tunakung'utia wadudu kwenye ndoo za maji ya sabuni. Watoto wa shule ya msingi walisema ndilo somo tamu kuliko yote waliyowahi kufundishwa. Vijiti vyenu viwe vya matete. Nimeandika kwa kalamu nyekundu ndani ya mlango wa stoo.

Sasa la aibu.

Nilikuwa Kidato cha Tatu, mwezi wa pili, nyasi zimefika kiunoni. Asubuhi moja nilikuwa bustanini na daftari langu nikihesabu viota. Mwalimu wa zamu alikuwa mgeni, ndiyo kwanza ana wiki moja shuleni. Akaja na wachelewaji wanane wenye mafyekeo. Akasimama, akatazama eneo tuliloliacha liote kwa miaka miwili, akauliza, "Hili pori ni la nani?"

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Wachelewaji wote wakanigeukia. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Sitaki kumsingizia yule mwalimu, alisubiri. Alinitazama, akatazama daftari, akasubiri tena. Nikainamisha kichwa. Basi akawaambia wafyeke.

Mwalimu Zaina alipotoka kipindini nyasi zote zilikuwa zimelala chini. Kiota cha ndege mdogo wa majani, ambaye mpaka leo hatujajua jina lake, kilikuwa kimekatika kati, mayai matatu chini. Mwalimu hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Jumatano watoto wakaja kama kawaida yao. Kulwa alikuwa sasa darasa la nne, na sweta lingine. Akatazama udongo mtupu, akawageukia wenzake.

"Wametoka tena," akasema.

Siku ile sikuandika kitu kwenye shajara. Kuna tarehe tu.

Nyasi hazina kinyongo, zilirudi. Mwaka huu mwezi wa nne zilikuwa ndefu kuliko zamani, ndege mnana wamefuma viota kwenye mgunga mchanga, kobe amerudi kwenye njia yake ya masufuria. Mwalimu Zaina alikuwa amekwenda likizo ya uzazi. Na ndipo nyoka akakatiza mbele ya choo cha walimu.

Mkuu wa Shule akatangaza paredi: Ijumaa eneo lote la nyuma ya maabara lifyekwe na kufagiliwa, wazazi wanakuja kwenye kikao, patakuwa mahali pa kuegesha pikipiki. Mkuu si mtu mbaya. Alisema jambo la kweli, kwamba mtoto wa mtu akiumwa, yeye ndiye atakayesimama mbele ya mzazi. Lakini mimi nilijua kwamba safari hii pakiwa maegesho, hapatarudi tena kuwa bustani.

Gamaya alikwenda ofisini kwanza. Alitoka baada ya dakika moja. Akasema Mkuu amemuuliza atakua lini.

"Nenda wewe," akaniambia. "Wewe hata ukikosea hakuna atakayesikia."

Nikaandika kurasa mbili. Mpango wangu ulikuwa kuziweka mezani, kusema shikamoo na kutoka. Mkuu akaitikia marahaba, akazipokea, akapapasa mfuko wa shati, akapapasa meza. Miwani ameisahau nyumbani. Akanirudishia karatasi.

"Nisomee."

Nikasoma. Akasema niongeze sauti, kuku wa nje wananizidi. Nikaongeza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa Baiolojia, mnyororo wa chakula na uchavushaji, na nilimwona anatazama saa. Ukurasa wa pili nilikuwa nimeandika kuhusu ngitili ya babu.

Kwa walioletwa huku kutoka mikoa mingine: ngitili ni kipande cha nyasi ambacho mwenye ng'ombe anakifunga wakati wa mvua, hakuna kulisha, ili kiangazi kikifika ndama na ng'ombe dhaifu wawe na pa kula. Ya babu iko Itilima, mbele ya Lagangabilili. Haikuwa na uzio. Babu alichomeka mti kila kona na kufunga juu yake fungu la nyasi, basi. Kila mchungaji alijua hapo pamefungwa, na mtu wa barabarani akiona nyasi ndefu hasemi babu ni mvivu. Nikasoma: "Mkuu, bustani yetu nayo ni ngitili, ila mifugo yake ni midogo."

Akaweka kalamu chini. Akauliza nimetokea kwa nani, babu yangu ana ng'ombe wangapi, nikajibu. Kumbe yeye ni wa upande wa Mwanhuzi, na akiwa mdogo aliwahi kuchapwa kwa kuacha ndama avuke kwenye ngitili ya baba yake. Akaanza kunisimulia ndama yule, rangi yake, pembe zake, ukorofi wake. Kengele ya kipindi ililia na hakuisikia. Nikaanza kufikiri tumeshinda.

Kisha uso ukarudi kuwa wa ofisini.

"Lakini ngitili ina mwenyewe," akasema. "Isiyo na mwenyewe ni malisho ya kila anayepita. Hii ni ya nani?"

Lilikuwa swali lile lile. Nikawaona wale wachelewaji wanane wa siku ile kana kwamba wamepanga mstari nyuma ya kiti chake. Akasubiri, kama yule mwingine alivyosubiri.

"Yangu," nikasema.

Ilitoka kubwa mno. Katibu muhtasi alichungulia kutoka chumba cha pili akidhani kuna ugomvi.

"Basi nyoka naye ni wako."

"Ndiyo, Mkuu."

Akatoa masharti yake, nami nikayaandika nyuma ya karatasi zangu. Kuzunguka bustani yote kuwe na njia ya hatua mbili, udongo mtupu, ifagiliwe kila siku jioni, ili chochote kinachotoka kionekane. Mtoto asiingie bila mabuti, na anayetangulia awe na fimbo ya kugonga chini. Rundo la mawe lihamishwe mbali na choo. Mwezi wa nane ngitili ifunguliwe kama zinavyofunguliwa ngitili nyingine, nusu ikatwe, nusu ibaki hadi mwaka unaofuata, na nyasi apewe Mayu Nkamba kwa ajili ya ndama wake. Na mwenyewe awepo kila asubuhi kabla ya kengele. Pikipiki za wazazi ziliegeshwa kwenye kiwanja cha netiboli.

Ile njia ya kufagia niliikubali kwa shingo upande. Miaka yote nimepigana na ufagio, leo narudishiwa ufagio. Siku ya kwanza tulifagia jioni, Gamaya akiimba kwa furaha, hatimaye kapata kona yake. Kesho yake asubuhi watoto wakaja, na kabla sijafungua mdomo, Kulwa alikuwa amechuchumaa kwenye ile njia.

"Huyu nguchiro," akasema. "Walikuwa wawili. Huyu kanga. Huyu kobe, mguu wa nyuma wa kushoto anaukokota."

Udongo laini uliofagiliwa ulikuwa umeandikwa wote. Nani kaingia, nani katoka, nani alikimbia. Kulwa kwao anachunga ndama, na ndama akipotea unamfuata kwa nyayo, hilo kwake ni kama kusoma kibao. Darasani wanasema ni wa mwisho. Pale kwenye njia alikuwa mwalimu, na wale wa kwanza darasani wakawa wanamfuata nyuma, wameinama, wakimuuliza taratibu, na huyu je? Siku mbili baadaye tulimwona kobe mwenyewe. Mguu wa nyuma wa kushoto una kovu.

Tangu hapo wanakuja kila Jumatano wakikimbia, na mwalimu wao anabaki nyuma na viatu vyake. Kulwa haongei sana, kama mimi. Tunakaa wawili pembeni ya beseni, tunatazama nyuki wanakunywa, dakika ishirini hakuna neno. Kwenye shajara nimeandika kwamba hayo ndiyo mazungumzo yangu bora ya mwaka huu.

Bado moja, halafu nanyamaza. Mwezi wa tisa, Jumatano moja watoto wakiwepo, walikuja wageni wa elimu kutoka wilayani. Mkuu alikuwa anajivunia ngitili yake, sasa ameshaanza kusema yake, na akawaleta nyuma ya maabara, viatu vinang'aa. Tulikuwa tumechomeka miti kila kona na kufunga mafungu ya nyasi kama ya babu. Mkuu akiwa anaeleza huku akirudi kinyumenyume, akageuka, akataka kuruka ndani awaonyeshe viota vya mnana. Mguu uko juu, Kulwa akasimama mbele yake.

"Mwalimu, pamefungwa."

Mkuu akamtazama huyu mtoto anayemfika kifuani.

"Na nani?"

"Na wenyewe," Kulwa akasema, na akanyoosha kidole kwenye fungu la nyasi.

Mkuu akautazama ule mti, akautazama mguu wake, akaurudisha taratibu kwenye njia iliyofagiliwa. Ukaacha alama. Kulwa akainama akaichunguza, kisha akawaambia wenzake kwa sauti ya mtu anayefanya kazi yake, "Huyu, mguu wa kulia unaegemea nje."

Mkuu alicheka mpaka akatoa kitambaa. Wageni nao wakaanza kutazama nyayo zao mmoja mmoja, na ratiba ya ukaguzi ikachelewa kidogo.

Basi, Ijumaa. Mtakuta ufagio nyuma ya mlango wa stoo na mabuti juu, msiyaweke chini, nge wanayapenda. Nusu ya upande wa mnyaa ndiyo zamu yake kukatwa mwaka ujao. Kulwa sasa yuko la tano; akimaliza la saba atakuja Kidato cha Kwanza hapa. Mtunzieni nafasi yake. Na siku moja, sijui lini, atakuja mtu ambaye hakuwepo, mwalimu mgeni au mkuu mwingine, atasimama mbele ya nyasi zilizofika kiunoni na kuuliza hili pori ni la nani. Msigeukiane wala msinitafute. Jibuni kabla hajamaliza kuuliza.